Kipima Masafa kwa Nyika za Longido

Aghalabu vipima masafa vinavyoingia Arusha katika mabegi ya wageni wa uwindaji vimebuniwa kwa ajili ya ayala, mnyama wa Ulaya na Marekani ambaye sisi hatunaye. Kwa hiyo mwindaji bingwa amfuataye swala twiga katika nyika za Longido, au pofu kule Simanjiro, hana budi kukipima chombo hicho kwa mizani ya nchi yake, wala si kwa sifa zilizopigwa chapa juu ya kasha.

Kazi yake yaeleweka. Chombo hutupa mwale wa leza usioonekana kwa macho, ukamgonga mnyama, na sehemu ndogo ya nuru ikarejea, nayo saa iliyomo ndani ikahesabu muda wa kwenda na kurudi. Nuru hukata takriban kilomita 300,000 kwa sekunde, basi swala aliye umbali wa mita 150 hujibu kwa sehemu moja ya milioni ya sekunde. Saa ya kuhesabu hayo leo yapatikana hata katika chombo cha bei ya kadiri.

Linalostahili kumshughulisha mnunuzi ni nuru ile imerejea kutoka wapi. Mwale hupanuka kadiri uendavyo: unaopanuka mita moja kwa kila mita 1,000, ufikapo mita 300 una upana wa sentimita 30, na huko Longido baina ya bunduki na swala twiga hapakosi mgunga, wala nyasi kavu, wala tawi moja lililo mita 60 likirudisha nuru kabla ya mnyama mwenyewe. Chombo kilichopangwa kusoma kitu cha kwanza kitaandika 60, na mwenye haraka ataamini. Ndiyo maana nakitanguliza kile kinachoweza kupangwa kisome kitu cha mwisho, kilicho nyuma ya majani, hata masafa yake ya juu yakiwa nusu ya mwenzake.

Ama hayo masafa ya juu, aghalabu hupatikana kwa shabaha inayong'aa. Manyoya ya mnyama hurudisha nuru haba, na jua la saa saba huimeza hiyo haba. Mkazi wa Daraja Mbili, mjini Arusha, aweza kulithibitisha kabla hajatoa fedha yake: atazame chombo kinajibu hadi umbali gani kwa paa la mabati, kisha kwa ng'ombe mwekundu malishoni, tena adhuhuri, si magharibi.

Na masafa ya juu ya mita 1,000 ni ya nini? Risasi ya .375 ya Holland & Holland, iliyotolewa mwaka 1912 na ingali ikipendwa, hutoka mtutuni kwa takriban mita 770 kwa sekunde; bunduki iliyorekebishwa kwa mita 200, risasi yake ifikapo 300 huwa imeshuka karibu sentimita 40 chini ya shabaha, kiasi cha kumvunja mguu swala aliyekusudiwa moyo. Katika mita 100 hizo ndipo ilipo thamani yote ya chombo hiki. Mbele ya hapo mnyama hupiga hatua risasi ingali njiani, na sioni insafu ya kumpiga. Philip Percival, aliyemwongoza mwandishi Hemingway katika uwindaji nchini Tanganyika mwaka 1934, aliifanya kazi hiyo miaka 26 kabla leza ya kwanza haijawaka. Yeye alisogea karibu.

Hesabu ya mteremko, inayozigeuza mita 300 kuwa 260 kwa mwinamo wa digrii 30, yamfaa awindaye vilimani. Lakini kwetu Mlima Meru wenyewe umo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, hauna ruhusa ya bunduki.

Hukumu yangu ni hii: chombo kimsomacho swala hadi mita 400 adhuhuri, nyuma ya nyasi, chatosha, na kizidicho hapo ni bei tu. Bali kabla ya kutoka mjini kihakikisheni kinasoma mita, kwani vingi vya Marekani husoma yadi, na yadi 300 ni mita 274.