Mkaguzi wa Vifurushi

Jambo la kwanza ninalotazama kwa mkaguzi wa vifurushi vya msimbo ni mahali anapoanzia kusoma. Asiye na uzoefu hufungua ukurasa wa mradi kwenye GitHub, akaona nyota nyingi na maelezo yaliyopangika, akaridhika. Aliyekomaa hupita hapo haraka. Huandika amri ya npm pack, akashusha faili lenyewe kutoka npm, ghala ambamo vifurushi vya JavaScript huchapishwa, akalifungua kwenye folda tupu na kusoma kilichomo. Hakuna kinacholazimisha msimbo wa GitHub na ule wa ghalani ulingane, na kitakachoendeshwa kwenye kompyuta ya mteja ni kile cha ghalani.

Kazi hii ina uzito wake kwa sababu tovuti za leo zimejaa msimbo wa wageni. Mtu anayetengeneza fomu ya malipo huvuta kifurushi cha kuchagua tarehe, nacho huja na vifurushi kinavyovitegemea, navyo vina vyao. Vikishaunganishwa na kufika kwenye kivinjari, vyote vina uwezo uleule. Kifurushi cha kuchagua tarehe kinaweza kusoma nywila inayochapwa kwenye ukurasa sawasawa na msimbo wa mwenye tovuti.

Mwaka 2018 Dominic Tarr, mtunzaji wa kifurushi cha event-stream, alikuwa ameacha kukitumia siku nyingi, na hakulipwa chochote kwa kukitunza. Mtu asiyemfahamu alipojitolea kukiendeleza, alimkabidhi. Septemba mtunzaji huyo mpya akaongeza tegemezi dogo liitwalo flatmap-stream, ambalo wakati huo halikuwa na ubaya wowote. Oktoba likatoka toleo lake la 0.1.1. Kwa kuwa event-stream ilikuwa imeruhusu marekebisho madogo yaingie bila kuuliza, toleo hilo likaingia. Nalo lilikuwa na hila, iliyowekwa kwenye faili lililofinywa, lililopelekwa ghalani tu. Aliyesoma GitHub hakuweza kuiona.

Ilifichwa kwa werevu wa kutisha. Msimbo wenyewe ulikuwa umefungwa kwa siri, na ufunguo wake ni maelezo mafupi ya mradi mmoja: Copay, mkoba wa bitcoin. Ndani ya mradi mwingine ufunguo haukulingana, na kifurushi kikanyamaza kama hakina neno. Hata aliyekijaribu kwenye kompyuta yake angeona kila kitu kiko sawa.

Kilichoifichua ni onyo la Node.js kuhusu njia ya usimbuaji iliyopitwa na wakati, lililoanza kuwatokea watumiaji wa nodemon, zana iliyokuwa na event-stream miongoni mwa tegemezi zake. Maonyo ya namna hiyo hupita kwenye skrini kila siku na watu huendelea na kazi zao. Lakini kifurushi cha kushughulikia mtiririko wa data kinasimbua nini? Ayrton Sparling, mwanafunzi wa chuo kikuu California, alilifuata onyo hilo tegemezi kwa tegemezi mpaka akafika flatmap-stream, na Novemba akaliweka jambo hadharani. Mimi naona huo ndio ufundi wenyewe: kukataa kuacha kitu kidogo kisicho na maelezo.

Anayeifanya kazi hii kwa moyo huo ana mazoea yake. Hufungua package.json kwanza kutafuta amri ya postinstall, kwa sababu hiyo huweza kuendeshwa mara tu kifurushi kinaposakinishwa, kabla mtu hajakitumia hata mara moja. Hulinganisha toleo jipya na la zamani mstari kwa mstari, na pale toleo linalodaiwa kurekebisha kosa la tahajia linapoleta faili jipya lisilosomeka, husimama. Huangalia ni nani wenye ruhusa ya kuchapisha, na kama mikono imebadilika karibuni. Faili la package-lock.json, linaloorodhesha matoleo halisi ya tegemezi zote na ambalo wengi hulipitisha bila kulitazama, yeye hulisoma. Hutumia npm audit pia, lakini anajua mpaka wake: hutaja kasoro zilizokwisha kujulikana. Kwa flatmap-stream, wiki zile zote isingesema kitu.

Tena anajua kungoja. Tarehe 8 Septemba 2025 mtunzaji wa chalk, debug na vifurushi vingine alidanganywa kwa barua pepe ya bandia, na matoleo yenye sumu ya vifurushi 18 yakapanda ghalani. Lengo lilikuwa kivinjari: mtu akituma sarafu za kidijitali, anwani ya mpokeaji ibadilishwe. Kwa jumla vifurushi hivyo vilikuwa vikipakuliwa zaidi ya mara bilioni 2 kwa wiki. Mengi kati ya matoleo hayo yaligunduliwa na kuondolewa ndani ya saa chache, kwa hiyo timu iliyojiwekea desturi ya kutopokea toleo lisilotimiza siku kadhaa haikuguswa. Mwezi huohuo pnpm, zana nyingine ya kusakinisha vifurushi, iliongeza mpangilio wa kuweka muda huo wa kungoja, na sioni sababu ya mradi wowote unaogusa fedha za watu kutoutumia.

Usomaji huu unataka saa za kazi zilizotengwa. Kwa anayeongoza timu ya watengeneza tovuti: ziweke kwenye ratiba, mpe mkaguzi wako ruhusa ya kusema hapana, na akiisema, msikilize hata kama tarehe ya uzinduzi imekaribia.