Urafiki wa Brutus na Cassius

Msomaji, huenda umekwisha kuusoma mchezo wa Shakespeare uitwao kwa jina la Julius Caesar, ama kwa Kiingereza chake, ama katika tafsiri ya Kiswahili ya Julius Nyerere iliyopigwa chapa mwaka 1963. Kama umeusoma, yamkini umefundishwa kuwa Brutus alikuwa mtu mwema, na kwamba Cassius, rafiki yake, ndiye aliyempotosha. Neno hilo ni kweli kwa mwanzo wa mchezo. Lakini endelea mpaka vita vya Philippi, kisha uulize ni nani kati yao aliyegeuzwa zaidi na mwenziwe. Mimi naona ni Cassius.

Watu hawa walikuwa mashemeji, kwa kuwa Cassius alimwoa dada yake Brutus, lakini tabia zao zilikuwa mbali mbali. Brutus ni mtu wa vitabu, mpole hata kwa kijana amtumikiaye, naye hupima kila jambo kwa haki na kudhani kuwa watu wote hupima vivyo hivyo. Cassius ni mwembamba, mwepesi wa hasira, hapendi ngoma wala michezo, na akicheka ni kwa nadra. Caesar mwenyewe amwogopa, maana ajua kuwa macho ya mtu huyu hupenya matendo ya watu mpaka kwenye nia zao.

Cassius aanza urafiki huu kwa hila. Ataka Caesar auawe kabla hajawa mfalme, naye ajua kuwa bila ya jina jema la Brutus mauaji hayo yataitwa uovu mtupu. Kwa hiyo amsifu, amchochea, kisha atupa barua dirishani mwake zilizoandikwa kwa miandiko tofauti, ili Brutus adhani kuwa mji mzima wamlilia. Kwa barua zile simtetei.

Ila tazama litokealo mara Brutus akisha kukubali. Usukani wahama. Cassius ataka waliokula njama waape. Brutus akataa, na hakuna kiapo. Cassius ataka Antony afe pamoja na Caesar, maana amjua kuwa ni mtu wa hatari. Brutus akataa, na Antony aachwa hai. Caesar akisha kuuawa, Antony aomba ruhusa ya kusema mazishini. Cassius amvuta Brutus kando na kumwonya, lakini Brutus ampa Antony ruhusa, akiamini kuwa hoja zake mwenyewe zitatosha. Saa chache baadaye mji wawaka moto na wauaji wakimbia. Kila mara Cassius aliona sawasawa, na kila mara alinyamaza.

Kwa nini? Jibu jepesi ni kwamba alihitaji jina la Brutus, akaogopa kulipoteza. Jibu hilo latosha kwa siku zile za njama. Halitoshi kwa siku za vita, maana Caesar amekwisha kufa na Cassius ana jeshi lake mwenyewe. Hapana budi tuingie katika hema la Brutus, mahali wagombanapo, ambapo kwa hukumu yangu ndipo penye moyo wa mchezo huu.

Brutus amlaumu Cassius kwa kumtetea mtu aliyekula rushwa, na kwa kuuza vyeo kwa dhahabu. Maneno yake ni makali, nayo ni ya haki. Kisha, kabla hasira haijapoa, amlaumu kwa jambo la pili: alimwomba fedha za kuwalipa askari, Cassius asimpe, na yeye Brutus hawezi kuchuma fedha kwa njia chafu. Hapa usipite haraka. Ikiwa fedha za Cassius ni chafu, Brutus azitakia nini? Yule mtu safi amekwisha kujifunza kuishi kwa mikono ya rafiki yake huku akiitukana mikono hiyo. Na Cassius, aonaye ndani ya kila mtu, angeweza kumjibu hivyo kwa sentensi moja. Hamjibu. Alalamika tu kuwa rafiki hukuza makosa ya rafiki badala ya kuyastahimili, kisha afunua kifua na kumpa Brutus jambia amchome. Mtu wa hila hafanyi hivyo. Aliyeanza kwa kumtumia Brutus sasa ampenda, na mapenzi yamemnyang'anya ile silaha yake ya kale.

Wapatana. Brutus aagiza divai na kumwambia kuwa Portia, mkewe, amefariki. Cassius ashangaa jinsi alivyosalimika kwa kumuudhi mtu mwenye msiba kama huo. Muda si muda washauriana juu ya vita. Cassius asema wangoje, adui ndiye achoke kwa safari. Brutus asema waende Philippi. Cassius abisha kidogo, kisha akubali, ingawa siku ya vita amwambia Messala ashuhudie kuwa amelazimishwa kutia kila kitu katika pigano moja. Siku hiyo hiyo akiri kuwa zamani hakuamini dalili za ndege, na sasa aziamini. Mwisho wake wahuzunisha: macho yake hayaoni mbali, ampandisha mtumwa kilimani amtazamie, mtumwa akosea na kudhani marafiki ni maadui, na Cassius ajiua kwa habari ya uongo wakati Brutus ashinda upande wa pili.

Brutus naye hakubaki alivyokuwa. Asubuhi ya vita alimlaumu Cato, baba wa mkewe, kwa kujiua. Kabla ya usiku auangukia upanga mwenyewe. Katika historia mapigano ya Philippi yalikuwa mawili, yaliyopitana kwa siku kama 20 katika mwaka 42 kabla ya Kristo. Shakespeare ameyatia katika siku moja, nami naona alifanya vyema. Maana Brutus, asimamapo juu ya maiti ya Cassius, asema kuwa amwia machozi mengi kuliko watakayoyaona, na kwamba atapata wakati wa kuyalipa. Aamuru maiti ipelekwe Thasos, isije ikavunja mioyo ya askari, kisha arudi vitani. Wakati ule hakuupata.