Mkia Mwekundu Ndani ya Tope

Mvua kubwa zikishanyesha, mabonde ya udongo mweusi kati ya Garissa na pwani hujaa maji ya rangi ya chai ya maziwa. Humo huishi samaki wa jamii ya Nothobranchius, ambao kwa rangi hawaachwi nyuma na samaki wa matumbawe ya Watamu. Nothobranchius patrizii, anayepatikana nyanda za chini za mashariki mwa Kenya na kusini mwa Somalia, ana dume la samawati lenye mkia mwekundu uliokoza. Urefu wake ni kama sentimita 5. Jike amepauka.

Maji yakikauka, samaki wote hufa. Mayai hubaki topeni yakingoja mvua nyingine.

Katika kupiga picha za samaki, mpiga mbizi wa Watamu na mpiga picha wa Garissa wana adui mmoja: maji yaliyo kati ya lenzi na samaki. Baharini, maji humeza wekundu. Kwenye kina cha mita 10, wekundu huwa umekwisha karibu wote. Kwa hiyo mpiga mbizi humsogelea samaki na kuwasha flashi zilizotengwa pembeni, ili chembe zinazoelea zisimulikwe zikatapakaa pichani kama theluji.

Dimbwini kusogea hakusaidii, kwani hata kiganja hakionekani ndani ya maji. Watafiti huvua kwa wavu wa mkono, kisha humhamishia samaki kwenye kisanduku chembamba cha kioo. Maji yake ni ya dimbwi lilelile, yaliyochujwa au kuachwa yatuame. Ya bomba yenye klorini yanaweza kumuua. Kipande cha kioo huingizwa nyuma yake kumsogeza mbele, na nafasi inayobaki ni sentimita chache tu.

Flashi moja hutoka juu, nyingine ubavuni kwa mshazari. Ikipigwa moja kwa moja, kioo huirudisha. Lenzi ya makro hufungwa hadi f/11 au f/16 ili magamba na mapezi yote yatoke bila ukungu, na shabaha huwekwa kwenye jicho.

Kazi ngumu ni subira. Samaki aliyetoka wavuni hupauka na kukunja mapezi. Akitulia kivulini, rangi hurudi. Akiwekewa kioo cha kujitazama, au dume mwenzake upande wa pili, hutanua mapezi yote kutisha mpinzani. Hapo ndipo kamera hubonyezwa.

Kumpiga picha akiwa hai kuna sababu ya kisayansi. Wildekamp na Haas walipoeleza Nothobranchius bojiensis wa kaskazini mwa Kenya mwaka 1992, spishi za jamii hii zilikuwa tayari zinatambulika kwa rangi za madume, na rangi hizo hufifia samaki akihifadhiwa kwenye fomalini au spiriti. Kwa hiyo kila picha huandikiwa tarehe na mahali, na samaki asiyechukuliwa kwa utafiti hurudishwa kwenye dimbwi lake mwenyewe, si la jirani.