"Moto" Usiounguza: Uhakiki wa Istilahi Moja ya Seva

Katika zoezi la tafsiri la muhula uliopita tulipewa ukurasa mmoja wa mwongozo wa seva, na wengi wetu, mimi nikiwamo, tuliandika "diski za moto". Kiingereza kina neno hilo la moto kwa diski zinazoweza kuchomolewa na kuchomekwa huku seva ikiendelea kufanya kazi, nasi tukalihamisha kama lilivyo. Mwalimu hakutukata alama. Makala hii inadai kwamba alipaswa kutukata, na sababu zangu nilizipata Busia, kwenye mafunzo ya kazi, wala sikuzipata darasani.

Kwanza kitu chenyewe, maana mhakiki wa istilahi asiyejua kinachotajwa hubaki kupima sauti tu. Seva ya ofisi ndogo huwa na diski nne au zaidi upande wa mbele, kila moja katika trei yake yenye kishikio na taa ndogo. Zikipangwa kwa mtindo uitwao RAID 5, data hutawanywa kwenye diski zote pamoja na hesabu za ziada, hivyo diski moja ikifa zilizobaki huweza kukokotoa kilichokuwamo. Ndiyo maana unaweza kuichomoa, ukaweka mpya, na kazi ikaendelea. Hata pini zimeundwa kwa ajili hiyo: za ardhi ni ndefu kidogo, hugusana kwanza diski inapoingia na kuachana mwisho inapotoka. Njia hiyohiyo hutumika kupanua nafasi. Diski nne za terabaiti 2 hutoa terabaiti 6 za kutumia. Ukizibadilisha moja moja kwa za terabaiti 4, ukingoja kila mara mpya ijazwe, kisha ukaiamuru seva ilitanue kundi, utapata terabaiti 12 bila kufunga ofisi hata siku moja. Ila kungoja huko huchukua saa nyingi, na katika saa hizo hakuna akiba. Ukigusa diski nyingine, kundi zima linaanguka.

Sasa neno "moto". Wenzangu walinipinga kwa hoja nzuri: fundi umeme wa Kiswahili huita waya wenye umeme "waya wa moto", kwa hiyo maana ya "hai" tayari imo ndani ya neno. Nakubali imo. Lakini kwa fundi umeme "moto" ni onyo. Anayesikia waya una moto huondoa mkono. Istilahi ya diski inatakiwa kusema kinyume chake kabisa, kwamba mkono unaruhusiwa, usizime mtambo, chomoa. Neno moja katika kazi mbili zilizo jirani kiasi hicho, moja likikataza na jingine likiruhusu, ni kosa ambalo kamusi haiwezi kulitibu kwa tanbihi.

Nililiona likitenda kazi. Ofisi niliyokuwa, ya mawakala wa forodha upande wa Kenya, ilitunza kwenye seva yake nyaraka zote za mizigo zilizoskaniwa: ankara, hati za asili ya bidhaa, barua za wateja. Nafasi ilikuwa imejaa na diski kubwa zaidi zilishanunuliwa. Kabla ya siku iliyopangwa, taa ya diski moja ikageuka rangi ya chungwa. Fundi alikuwa Tororo, kwa mteja mwingine, akaona kazi ianzie na diski hiyo, akampigia simu karani. "Madamu, toa namba mbili. Ni za moto hizo, usizime."

Karani, mama aliyejua kazi ya forodha kuliko sisi sote, aliurudisha mkono. Akauliza kama atafute kitambaa. Tulicheka, na kicheko kile najuta nacho, kwa sababu kilimfanya afanye haraka ili tuache. Akahesabu trei kutoka kushoto, moja, mbili, akavuta. Trei za seva ile zilihesabiwa kuanzia sifuri. Aliyoitoa ilikuwa namba moja, nzima kabisa, na ile iliyokufa ikabaki mahali pake. Seva ikanyamaza.

Ofisi ilirudi kwenye nakala rudufu ya wiki iliyotangulia, na nyaraka za siku zilizofuata tukaziomba upya kwa wateja, mmoja mmoja. Kuna dereva aliyelala siku mbili kwenye maegesho kwa sababu ya karatasi moja. Tangu Himaya Moja ya Forodha ianze kutekelezwa mwaka 2014, na kituo cha pamoja cha Busia kizinduliwe rasmi mwaka 2018, sehemu kubwa ya kazi ya mpaka imehamia kwenye mashine. Faili likikosekana, lori linasimama vilevile kama zamani.

Sisemi neno "moto" peke yake liliangusha seva. Kuhesabu kuanzia sifuri nako kulichangia, na hapo Kiswahili kingetusaidia kama tungekitumia vizuri, kwa kuwa kinatofautisha wazi "namba mbili" na "ya pili". Fundi alisema sawa. Aliyesikiliza alikuwa na hofu ya kuungua, akakishika kishikio bila kusoma namba wala kutazama taa.

Ubaya ni kwamba tafsiri hizi huja kwa mafungu. "Diski ngumu" ni ndugu yake. Kwa Kiingereza ugumu ule ulitofautisha sahani za chuma na zile diski nyembamba za plastiki zilizopinda mkononi. Za plastiki zimetoweka, nyingine mpya hazina sahani hata moja ndani, na sisi tumebaki na ugumu ambao mwanafunzi wa kidato cha pili huusikia kama ugumu wa mtihani. Kwa upande mwingine, sidai kila kitu kiundwe upya. "Seva" inatosha. "Kompyuta" imeishinda "tarakilishi" midomoni mwa watu, kwa heshima zote kwa walimu wangu wanaoipenda ya pili.

Anayetaka kuona istilahi inavyozaliwa aende mpakani hapohapo. Neno "bodaboda" lilitoka Busia, kwa vijana wa baiskeli waliowavusha watu kati ya kituo cha forodha cha Uganda na cha Kenya, wakiita abiria kwa kutaja safari yenyewe, mpaka hadi mpaka, kwa Kiingereza kilichotamkwa Kibusia. Hakuna kamati iliyokaa. Wito ukawa jina la baiskeli, kisha la pikipiki, na leo linaeleweka Dar es Salaam kama Kampala. Nalo ni neno la mkopo, lakini lilikopwa na watu waliokuwa juu ya baiskeli, wakijua abiria anataka kusikia nini.

Nilijaribu kubuni langu. "Diski ya kuchomoa kazini" ilinipendeza kwa juma zima, mpaka rafiki yangu wa Tororo aliponikumbusha kwamba kuchomoa ndiyo kazi ya wezi wa mifukoni kwenye stendi, na ukiongeza "kazini" umemshtaki mtu. "Diski ya kubadilishwa bila kuzima mtambo" ni sahihi na ndefu, inafaa mwongozo, haifai simu.

Karani alinishinda. Juma lililofuata alibandika utepe wa karatasi juu ya seva, ameandika kwa kalamu nene namba za trei kuanzia 0 hadi 3, na chini yake: USIZIME. TAZAMA TAA. Kabla sijaondoka walikuwa wakiziita "diski za usizime", na siku moja nilimsikia fundi mwenyewe, kwenye spika ya simu, akiuliza kama usizime mpya zimefika. Wanasarufi watauliza kama amri inaweza kuwa nomino. Tuna "nipe nikupe", na hakuna anayeilalamikia.