Kuku pembeni mwa picha

Mwaka 1961 Mwingereza mmoja, John Wilson, aliandika habari ya sinema iliyoonyeshwa kwa watu wa kijiji kimoja cha Afrika. Ilikuwa ya dakika tano tu, ikifundisha namna ya kuondoa maji yaliyotuama karibu na nyumba. Kisha watazamaji wakaulizwa: mmeona nini? Wakajibu: kuku. Wenye sinema walishangaa, kwa maana wao wenyewe hawakujua kuwa mna kuku! Wakaikagua picha kwa picha, na kumbe, kuku alipita pembeni kwa chini, muda wa sekunde moja.

Marshall McLuhan aliitwaa habari hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1962, The Gutenberg Galaxy, apate kuonyesha kwamba asiyezoea kusoma hajui kutazama picha nzima. Hapo hatukubali. Kweli, Wilson asema wanakijiji hawakuyaunganisha yote kuwa hadithi moja. Lakini walipoulizwa, mtu aliyefanya kazi walikuwa wamemwona pia. Asiyemwona kuku ni nani, kama si yule aliyemwingiza katika picha?

Tena mafundi wa sinema hupenda kuficha mambo pembeni kwa kusudi. Alfred Hitchcock alikuwa na desturi ya kupita kidogo ndani ya sinema zake. Katika Lifeboat, ya mwaka 1944, watu wote wamo katika mashua moja baharini. Mtu mnene kama yeye apitie wapi? Alijitia katika gazeti analosoma mmoja wao, katika tangazo la dawa ya kupunguza unene: picha mbili, kabla na baada. Mvuvi wa Baraka, ajuaye kwamba mashua haina mlango wa nyuma, atacheka kuliko sisi. Naye Jacques Tati, katika Playtime ya mwaka 1967, alitawanya vichekesho pande zote kwa wakati mmoja, hata Wazungu waliosoma sana wakapitwa na vingi.

Lakini iko sinema inayotugusa karibu zaidi: The African Queen, ya mwaka 1951, iliyopigwa Kongo na Uganda. Meli ya Wadachi iliyomo imetokana na Graf von Götzen ya ziwa letu Tanganyika, ile waliyoizamisha wenyewe mwaka 1916, ikaopolewa na kuitwa Liemba. Mwanzoni watu wanaimba kanisani. Nje, Allnut anatupa kipande cha sigara. Watu wanakigombania, wimbo unavurugika, na mhubiri na dada yake wanazidi kupaza sauti. Kichekesho kimepangwa vizuri sana. Ila tutazame anayechekwa: Mwafrika asiye na jina, aliyewekwa nyuma kama kiti. (Ni kanisa la Wametodisti, tusifurahi upesi, maana lingalikuwa letu tungalichorwa vivyo hivyo.)

Basi, katekista anayeonyesha sinema Baraka, au kule juu Fizi, asiwanyamazishe haraka wanaochekea jambo la pembeni, wala asiwaambie: tazameni mbele, hadithi iko pale. Awaache waseme walichoona. Akionyesha sinema hii, aanze kuwauliza habari za wale waimbaji: walikuwa wangapi, walivaa nini, nani aliacha kuimba kwanza, nani hakukimbilia sigara. Za Allnut watazisema bila kuulizwa.