Difu Inayopumua

Gatsata, bondeni kule unakopita mto Nyabugogo ukielekea Nyabarongo, ndiko watu wengi wa Kigali hupeleka magari yao kwa mafundi. Kati ya kazi zote zinazofanyika huko, ninayopenda zaidi kuitazama ni ndogo kabisa: kuhamisha vipumulio vya difu za Land Cruiser.

Difu ikifanya kazi hupata joto, na hewa iliyomo hutanuka. Ndiyo maana kiwandani huwekwa kipumulio, yaani kizibo kidogo juu ya ekseli, hewa ipate pa kutokea. Kwenye lami kinatosha. Lakini gari likiingia mtoni likiwa bado la moto, chuma hupoa ghafla, hewa husinyaa, na difu huanza kuvuta. Maji hupenya kwenye kizibo kilicholegea, au hata kwenye sili. Oili hugeuka rangi ya chai ya maziwa, na beringi huanza kuliwa bila dereva kusikia lolote. Kizibo kikizibwa na tope, balaa ni la upande wa pili: oili husukumwa nje, pengine ikafika kwenye breki.

Dawa yake ni mpira mrefu tu wa kukipandisha kipumulio mbali na maji, lakini utazame unavyofungwa. Fundi huanza kwa kuosha. Husugua kwa brashi na dizeli mpaka chuma king'ae, maana mchanga ukidondokea ndani utasagwa na meno ya gia. Kisha huinua chasisi kwa jeki, ekseli ining'inie hadi mwisho wake, ndipo apime urefu wa mpira. "Acha ulegevu hapa," humwambia mwanafunzi wake, "ekseli inacheza." Wengi huruka hatua hiyo, na mpira hukatika kwenye shimo la kwanza.

Kutoka hapo mpira hupanda kando ya chasisi, mbali na eksozi na propela, bila kuning'inia popote pa kutuamisha unyevu. Difu mbili, giaboksi na transfa, kila kimoja na mpira wake, yote hufika juu chini ya boneti na kumalizikia kwenye kichujio kidogo. Kabla ya kukaza klipu ya mwisho, fundi hupuliza kila mpira kwa mdomo wake ahakikishe haujaziba. Sijaona kipimo kinachoupita huo.

Kama gari lako huvuka maji, usingoje mvua za Machi. Mwambie fundi afungue nati ya difu aitazame oili, na vipumulio avipandishe juu.