Mji Uliolishwa Kutoka Angani

Sisi wa Uvira twajua maana ya njia kufungwa. Mji wetu umebanwa kati ya milima na ziwa. Unga, mafuta na dawa hutufikia kwa barabara ya bonde la Ruzizi, au kwa mpaka wa Burundi, au kwa vyombo vinavyotia nanga Kalundu. Wapiganaji wa M23 walipoingia mjini tarehe 10 Desemba 2025, mpaka ulifungwa, na maelfu ya watu walikimbia. Ndiyo sababu tumeitazama kwa makini sinema moja ya zamani ya Marekani, The Big Lift, aliyoitunga na kuiongoza George Seaton mwaka 1950. Yahusu mji wa Berlin na jinsi ulivyolishwa kwa ndege. Yafaa tuwaambie wasomaji lililo jema ndani yake, na lenye kasoro.

Kwanza habari yenyewe. Baada ya Vita Kuu ya pili, Berlin iligawanywa kati ya washindi wanne, ingawa ilikuwa ndani kabisa ya sehemu ya Warusi. Tarehe 24 Juni 1948 Warusi walizifunga barabara, reli na mifereji iendayo upande wa magharibi wa mji, wenye watu zaidi ya milioni mbili. Ikabaki anga: njia tatu za ndege, zilizokubaliwa kwa maandishi tangu 1945. Wamarekani na Waingereza wakazipita usiku na mchana. Vizuizi viliondolewa tarehe 12 Mei 1949, lakini ndege ziliendelea mpaka mwisho wa Septemba. Jumla yake ni safari zipatazo 277,000 na mizigo ya tani zaidi ya milioni mbili. Sehemu kubwa ilikuwa makaa ya mawe, maana mji usio na moto hufa kama mji usio na unga. Hata chumvi ilipelekwa na ndege za Waingereza zitelemkazo juu ya maji, katika mto Havel.

Sifa ya sinema hii ni ukweli wake wa kazi. Ilipigwa Berlin penyewe mwaka 1949, na magofu tuyaonayo ni magofu kweli. Ukiwaondoa Montgomery Clift na Paul Douglas, askari wa Marekani waonekanao ni askari hasa. Twamwona mtu ameketi mbele ya rada, akimwongoza rubani kwa maneno ashuke salama katika ukungu. Hapo twafahamu kwamba kuulisha mji si mwujiza. Ni hesabu, zamu na utii.

Lakini lililotugusa zaidi ni jambo dogo. Danny, fundi wa ndege, anapakwa gundi katika sare yake, akaazima nguo za raia. Mara hana cheo wala karatasi, naye aogopa polisi kama Mberlin yeyote. Mji aliokuwa akiuona kutoka juu, sasa auona kutoka chini. Laiti sinema ingalikaa hapo!

Haikukaa. Frederica, mwanamke aliyechaguliwa kutoa shukrani kwa niaba ya wanawake wa mji, aonekana mwishoni kuwa mdanganyifu: amtaka Danny amwoe ili apate kufika Marekani kwa mwanamume mwingine. Hatusemi mwongo asionyeshwe. Njaa huwafundisha wengi kusema uwongo. Yuko pia Gerda, mwenye kweli, achaguaye kubaki na kuijenga nchi yake. Hata hivyo kisa chote chapimwa kwa macho ya wale waletao, wala si ya wale wapokeao. Wenyeji wa Berlin, wengi wao wanawake, waliujenga uwanja wa ndege wa Tegel kwa muda wa miezi mitatu hivi. Watu hao hawakungoja vinywa wazi, walijitwika mawe. Kisa hakiwapi nafasi inayowastahili. Nasi, tuliozoea kupigwa picha tukiwa katika mstari wa msaada, twalijua vema kosa hili.

Lipo fundisho jingine, nalo latuuma. Goma ilipotwaliwa mwishoni mwa Januari 2025, uwanja wake wa ndege ulifungwa. Tarehe 30 Oktoba mwaka huo, Rais Macron alitangaza Paris kwamba utafunguliwa kwa ndege za msaada. M23 wakasema hawakuulizwa. Basi ndege pekee hazilishi mji. Lazima wenye bunduki wakubali.

Tena, Waberlin walikuwa nani? Walikuwa adui wa jana. Miaka mitatu tu kabla, ndege za mataifa yayo hayo ziliwaangushia mabomu. Kowalski wa sinema aliteswa alipokuwa mfungwa wa Wajerumani, na moyo wake bado wachemka. Lakini kila siku azishusha ndege zenye chakula chao. Chuki yake haikuwanyima unga.

Juu ya milima yetu, huko Minembwe, wako watu wasiofikiwa kwa lori. Gunia likipita kwetu likienda kwa jirani tusiyempenda, awe Mbembe, Mfuliiru, Mvira au Munyamulenge, je, twaliacha lipite? Sinema hii ina kasoro zake, bali swali hilo imetuachia. Itazameni, kisha mjibu wenyewe.